Chumba cha mimea kilivyonipika mimi mwenyewe

Siku niliyokubali kwamba nimeshindwa ilikuwa mchana, kama saa nane hivi. Nafungua mlango nakutana na hewa ya moto usoni, yaani kama umefunua sufuria ikiwa bado jikoni, miwani ikapata ukungu pale pale. Letusi zangu, miche arobaini na kitu niliyoilea toka mbegu, zote zimelala, majani yamelegea kama vitambaa vilivyolowa. Themometa inasoma 41. Na hapo feni tatu zinazunguka kwa nguvu zote. Mimi kwa akili zangu nikaona mimea ina kiu, nikachukua kopo nikamwagilia yote mpaka maji yakatokea chini ya vikopo. Kesho yake karibu nusu ilikuwa imekufa.

Udongo haukuwa mkavu kabisa. Ningeingiza kidole tu ningejua. Jani likiwa kwenye joto kali linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, kwa hiyo linalegea hata kama kopo limejaa maji, na ukiongeza mengine juu ya udongo uliolowa na wenye moto unaifukuza hewa iliyobaki kwenye mizizi, inakosa pumzi, inaoza. Mmea ukilegea mchana kwenye joto, kwanza kidole kwenye udongo, pili punguza mwanga au zima taa kabisa kwa nusu saa uone kama utasimama. Maji baadaye.

Sasa nianze mwanzo maana kufika kwenye hiyo 41 nilipita njia ndefu ya ujinga.

Chumba kilikuwa stoo. Mita 2.5 kwa 2, kwenda juu 2.4, ukizidisha unapata mita za ujazo 12. Kuna dirisha dogo moja ambalo nililiziba kwa mbao na plastiki, sababu ya maana sina, nilitaka tu kionekane cha kitaalamu. Kuta nikazifunika plastiki nyeupe ili mwanga urudi kwa mimea. Taa nikapata ile ya sodiamu ya wati 600, ilikuwa imeshatumika, na balasti yake, kile kifaa cha kuthibiti umeme wa taa, nzito kama tofali, nikaiweka juu ya rafu humo humo ndani. Ukijumlisha na kile balasti inachokula unafika kama wati 660.

Kichwani mwangu taa ni kitu cha kutoa mwanga na joto ni kijisehemu kidogo kinachotoroka pembeni. Hapana bwana. Karibu kila wati inayoingia kwenye chumba mwisho wake ni joto. Mwanga ukigonga jani, ukigonga ukuta, ukigonga sakafu, unageuka joto. Kile ambacho mmea unakiweka akiba kama chakula chake ni kidogo mno, kwenye hesabu hii kiache tu. Kwa lugha nyepesi nilikuwa nimewasha hita ya wati 660 ndani ya stoo iliyozibwa, masaa 16 kwa siku, halafu nashangaa kwa nini kuna joto.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa feni ya kusimama. Nikaingia ndani nikapigwa na upepo, nikasikia raha, nikajipongeza. Themometa haikushuka hata digrii moja. Ilinichukua kama wiki kuelewa kwamba upepo ule unanipoza mimi kwa sababu nina jasho, hewa yenyewe joto lake ni lile lile, tena mota ya feni nayo imeongeza wati zake hamsini. Feni ya ndani ina kazi yake na nitaifikia, lakini kushusha joto la chumba sio kazi yake.

Dawa ya pili, msicheke, barafu. Ndoo ya kilo 5 mbele ya feni. Siku ya kwanza ilionekana kama inasaidia kidogo. Baadaye nikapiga hesabu nikajicheka mwenyewe: kuyeyusha kilo moja ya barafu kunameza kilojuli 334 za joto, na taa yangu ya wati 660 inazitoa hizo ndani ya dakika nane na nusu. Kwa hiyo ndoo nzima ni nafuu ya dakika arobaini na mbili, tena hapo kila kitu kiwe kimeenda sawa, na taa inawaka masaa 16. Na friji iliyogandisha hiyo barafu iko kwenye nyumba hiyo hiyo, inatema joto lake jikoni. Vitambaa vilivyolowa nilivijaribu pia. Kitambaa kinapoza kweli kama hewa ni kavu na inatoka kwa kasi, lakini kwenye chumba changu kilichozibwa kilichofanyika ni unyevu kupanda mpaka 85% na mimi kubaki na joto lile lile likiwa limelowa.

Ndo nikanunua feni ya kunyonya hewa, ile ya duara inayofungwa kwenye paipu ya milimita 100. Boksi limeandikwa mita za ujazo 280 kwa saa. Nikagawanya kwa 12 za chumba nikapata mara 23, yaani hewa yote inabadilika mara 23 kila saa. Nikajua hapa nimemaliza.

Makosa niliyofanya na ile feni ni mengi kuliko feni yenyewe. Kwanza niliifunga chini karibu na sakafu kwa sababu hapo ndo kulikuwa na tundu tayari, wakati joto liko juu kule kwenye dari linanitazama. Pili sikuweka sehemu ya hewa kuingilia. Nilifikiri feni ikinyonya basi hewa itajitafutia. Nilipowasha, mlango ukawa mgumu kufunguka, zile plastiki za ukutani zikafura kuja ndani kama tanga, na feni ikabadilisha sauti ikawa inalia. Chumba ni kama chupa, ukiinyonya bila tundu la pili hupati kitu. Nikakata upenyo chini ya mlango. Afadhali, plastiki zikalegea kidogo.

Tatu, na hili ndo lililonipotezea muda kuliko yote, paipu ya kutolea hewa niliimwaga kwenye korido. Na upenyo wa kuingizia uko chini ya mlango unaotazama korido hiyo hiyo. Asubuhi nawasha taa naona 29, nafurahi. Saa tano 33. Saa saba 36. Inapanda polepole kila siku kwa mpangilio ule ule na mimi nalaumu themometa. Siku moja nikawasha kijiti cha udi nikakishika kwenye mdomo wa paipu, moshi ukatoka vizuri, ukapanda kidogo, ukatembea na ukuta wa korido, ukashuka, ukaingia chini ya mlango wangu. Nilisimama pale nautazama. Nilikuwa naivuta hewa yangu mwenyewe niliyoitoa dakika moja nyuma, naipasha tena, naitoa tena. Kijiti cha udi kinachouzwa kwa bei ya kutupa kilinifundisha kuliko kifaa chochote nilichonunua, mpaka leo nikihamisha kitu humo ndani lazima nipitishe moshi nione unaelekea wapi.

Basi nikazibua dirisha. Nusu yake ya chini nikaiacha iwe njia ya kuingilia na neti juu yake kuzuia wadudu. Feni nikaipandisha juu kwenye dari na paipu nikaizungusha mpaka itokee nje ya nyumba, kona tatu, kwa sababu kulikuwa na kabati njiani na sikutaka kulihamisha. Hapo ndo ikaja ile siku ya 41.

Kuna mzee mmoja wa mtaani ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kufunga mifumo ya hewa kwenye majengo. Nikamfuata. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza, akaja jioni. Hakutazama mimea hata kidogo. Alitazama paipu. Akaipapasa kuanzia kwenye feni mpaka ukutani, ilikuwa ni ile paipu ya kukunjika ya bati laini na mimi nilikuwa nimeiacha ndefu kwa kuogopa kuikata, imejaa mikunjo kama utumbo. Akaniambia, "Kijana wangu, chukua mrija uukunje mara tatu, unywe nao maji, halafu uje unieleze kama kosa ni la mdomo."

Halafu akanipa hesabu ambayo kama ningeijua mwanzo nisingeua letusi hata moja. Jumlisha wati zote zinazowaka ndani. Zidisha kwa 3. Gawanya kwa idadi ya digrii unazokubali chumba kizidi ile hewa inayoingia. Unachopata ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Hiyo 3 sio ya uchawi: kupasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa digrii moja kunataka kama juli 1,200, na saa moja ina sekunde 3,600, gawanya utaiona.

Nje siku zile ilikuwa 27. Nikisema nataka ndani pasizidi 31, tofauti ni digrii 4, kwa hiyo 660 mara 3 gawanya kwa 4 ni 495. Boksi langu linasema 280. "Na hiyo 280 walipima feni ikiwa mezani haina paipu," mzee akasema, "kwa kona hizi na mikunjo hii mshukuru Mungu ukipata nusu." Nusu ni 140. Nikafanya pale pale kwenye simu, 660 mara 3 gawanya kwa 140, ikaja 14 na kidogo. Jumlisha na 27.

41.

Nilinyamaza kidogo. Akaongeza jambo moja ambalo watu wengi hawapendi kulisikia: hata ufunge feni ya ukubwa wa ndege, chumba hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa unayoiingiza. Feni inahamisha joto, haiwezi kufanya zaidi ya hapo. Kama hewa ya nje ni 33 na mmea wako unataka 24, hapo huna mjadala na feni, utafute kiyoyozi au ubadilishe muda au ubadilishe mmea.

Tulichobadilisha ni hiki. Kabati likahama (ilichukua dakika ishirini, kabati lililoniulia karibu nusu ya miche). Tukatoboa ukuta juu karibu na dari, paipu ikatoka moja kwa moja bila kona, ikakatwa fupi na kuvutwa mpaka mikunjo yote ikanyooka. Balasti ikatolewa nje ya chumba, wati 60 zimeondoka bure. Feni nikabadilisha nikachukua ya milimita 150 nikawa naizungusha taratibu, kwa sababu feni kubwa ikienda polepole inatoa hewa nyingi na kelele kidogo kuliko ndogo inayojiua. Na tundu la kuingilia likapanuliwa. Hapa wengi tunakosea, tunaweka tundu la kuingilia sawa na la kutokea, wakati hewa inaingia kwa kuvutwa tu na neti ya wadudu inaziba sehemu kubwa ya nafasi. Paipu ya milimita 150 ina eneo kama sentimita za mraba 177, mimi tundu langu sasa ni sentimita 20 kwa 25, yaani 500, karibu mara tatu. Na liwe chini upande wa pili wa chumba, ili hewa ikate chumba kizima ipite kwenye mimea ndo ipande kwenye feni. Ukiyaweka karibu karibu hewa inaingia na kutoka kwa njia ya mkato na mimea iliyo kona ya mbali inabaki inaiva.

Kwa makadirio yangu sasa ninapata kama mita za ujazo 400 halisi kwa saa. 600 mara 3 gawanya kwa 400, digrii 4 na nusu juu ya hewa ya nje. Themometa ilikubali.

Nikisema themometa inabidi nikiri kitu. Ile ya kwanza niliitundika mlangoni usawa wa macho yangu, kwa sababu ndo sehemu rahisi kusoma. Mlangoni inasoma 29 wakati kwenye vichwa vya mimea chini ya taa ni 35. Nilipogundua nikaihamishia kwenye mimea ikaanza kusoma 43, nikapagawa, kumbe mwanga wa taa unaipiga moja kwa moja na kuipasha yenyewe. Iwe usawa wa mimea, kivulini. Mimi nimeifunika na kikombe cheupe cha karatasi nilichotoboa matundu ili hewa ipite. Na chukua ile inayokumbuka joto la juu na la chini la siku nzima, pamoja na unyevu. Chumba kinafanya maovu yake wakati haupo.

Na kweli maovu yalihamia usiku. Wiki mbili hivi baada ya kurekebisha feni, naamka asubuhi nakuta matone kwenye majani na plastiki za ukutani zinatiririka. Siku ya nne nikafunua letusi moja katikati nikakuta ukungu wa kijivu, laini kama vumbi la pamba, na jani la chini yake limekuwa ute. Ukiligusa linapanda vumbi, na hilo vumbi ndo mbegu zake zenyewe zinakwenda kwa jirani, kwa hiyo nikapitisha mkono chumba kizima nikausambaza mwenyewe kwa kukagua kagua. Sasa naingia na mfuko, naufunika mmea mzima nikiwa sijaugusa, nautoa nje.

Tatizo lilikuwa soketi. Feni na taa nilivichomeka kwenye taima moja, nikijiambia kwamba taa ikizima joto hakuna, feni ya nini. Lakini maji uliyomwagilia karibu yote yanaishia hewani kupitia majani, na hewa ikipoa uwezo wake wa kubeba maji unaanguka vibaya sana. Hewa ya digrii 28 yenye unyevu wa 60%, ambayo ni nzuri kabisa, ukiishusha mpaka 20 bila kuongeza tone inakuwa na unyevu kama 97%. Ndicho kilichokuwa kinanitokea kila usiku saa nne: taa inazima, feni inazima, chumba kinapoa kikiwa kimefungwa na mvuke wote wa mchana. Siku hiyo hiyo feni ikapata taima yake peke yake. Taa ikiwa imezima, feni inawaka dakika 15 inapumzika 15, usiku kucha. Na kumwagilia nikahamishia taa inapowaka tu, sio jioni kabla ya kulala kama nilivyozoea.

Halafu ndo nikafanya kitu ambacho hakikuwa na gharama yoyote na kikanisaidia kuliko manunuzi yote: niligeuza usiku kuwa mchana. Taa inawaka saa moja jioni inazima saa tano asubuhi. Masaa yale yale 16. Usiku hewa inayoingia ni ya 20, ongeza digrii zangu 4 na nusu, chumba kinakaa 24 na ushee, na letusi anapenda hapo. Na unyevu nao ukajitatua, kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo. Hewa ya usiku yenye digrii 20 na unyevu 90% ukiipasha mpaka 25 inashuka kuwa kama 66%. Yaani lile joto la taa nililokuwa napigana nalo mchana, usiku likawa ndo linanikaushia chumba. Na mchana ambapo nje kuna joto, taa imezima, hakuna cha kuongeza.

Usumbufu wake ni kwamba kazi zote za chumbani unazifanya usiku au asubuhi na mapema, na kelele ya feni inakuwa kubwa wakati watu wamelala. Mke wangu usiku wa kwanza aliuliza hiyo ndege yako inatua saa ngapi. Feni nilikuwa nimeipigilia skrubu moja kwa moja kwenye boriti, kwa hiyo boriti nzima ilikuwa inatetemeka inaunguruma mpaka chumba cha pili. Nikaifungua nikaining'iniza kwa vipande vya tairi ya ndani ya baiskeli. Kelele ya upepo imebaki, mngurumo umekwisha, na swali la ndege sijaulizwa tena.

Kidogo kuhusu umeme, kwa sababu hapa nusura niunguze nyumba. Nilikuwa natumia eksitensheni ya kuzungushia, ile yenye gurudumu, na waya mwingi nikauacha umeviringika kwenye gurudumu kwa kuwa soketi ilikuwa karibu. Usiku mmoja nikasikia harufu kama ya plastiki iliyoungua, nikashika gurudumu, lilikuwa la moto wa kutoshikika, na kichwa cha plagi kimekuwa cha kahawia. Waya ulioviringika hauna pa kutolea joto lake. Fundi umeme aliyekuja alinisema kama mtoto: "Bosi, pasi unawasha dakika kumi. Hii unawasha masaa kumi na sita, huo sio mzigo wa kuchomeka chomeka." Akanifungia soketi ya ukutani yenye waya wake mpaka kwenye brekaa, na akaniambia kwa vitu vinavyowaka masaa mengi nisipite 80% ya uwezo wa brekaa. Waya zote ziko juu sasa, na kila waya unashuka kidogo chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yakiteremka nao yadondoke pale chini badala ya kuingia kwenye plagi.

Nirudi kwenye ile feni ya kusimama niliyoitukana. Letusi zikiwa sasa zimeshamiri, vichwa vimejaa, nikaona majani machanga ya katikati yanaungua kingoni, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Nikadhani mbolea haitoshi, nikaongeza. Ikazidi. Nikaongeza tena. Kuuliza uliza nikaja kuambiwa ni kalsiamu, na kalsiamu mara nyingi ipo kwenye udongo ila haifiki kwenye lile jani. Inasafiri na maji, maji yanakwenda kule yanakovukizwa, na jani la ndani ya kichwa limefunikwa na wenzake, hewa imesimama, halivukizi kitu, kwa hiyo haliletewi. Mbolea niliyoongeza ilikuza mimea haraka zaidi na kufanya njaa ya lile jani iwe kubwa zaidi. Nilichohitaji ni hewa iguse katikati ya kichwa. Feni ndogo mbili, moja kila kona, hazielekei mmea mmoja, zinapuliza juu kidogo ya mimea. Nilianza na nguvu nyingi mno, miche midogo ikakauka majani ikajikunja kama vijiko. Kipimo changu ni macho: jani litikisike kidogo, lisipigwe pigwe.

Taa ya sodiamu nilikuja kuachana nayo nikachukua LED ya wati 320, mavuno hayajapungua. Utasikia watu wanasema LED haina joto. Wati moja ya LED inapasha chumba sawa sawa na wati moja ya sodiamu, tofauti ni kwamba LED inahitaji wati chache kutoa mwanga ule ule. 320 mara 3 gawanya kwa 400, nikawa napata digrii 2 na nusu tu juu ya nje, na hapo nikashangaa mimea imepunguza kasi. Sodiamu ilikuwa inayapiga majani kwa miale ya joto moja kwa moja, jani linakuwa na joto kuliko hewa iliyolizunguka. Chini ya LED jani linakuwa baridi zaidi hata kama themometa inasoma namba ile ile. Ikabidi nipunguze kasi ya feni nipandishe chumba digrii mbili tatu. Mimi, baada ya yote yale, napunguza feni ili joto lipande.

Kuna kipindi pia nilikopeshwa kiyoyozi, nikaziba kila tundu ili baridi isitoke. Joto likawa zuri kabisa kwenye namba, 23, na mimea ikakaa tu haiongezeki. Hewa ya kawaida ina kaboni dioksidi kidogo sana, zaidi kidogo ya sehemu 420 kwenye milioni, na mimea kwenye chumba cha mita za ujazo 12 kilichozibwa inaimaliza upesi. Jamaa mmoja akanishauri niwashe mkaa ndani ili niiongeze. Tafadhali usifanye hivyo, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na unaweza kuingia kukagua letusi usitoke. Nilifungua tundu langu nikarudisha kiyoyozi cha watu.

Nyanya na pilipili hoho bado zinanishinda kipindi cha joto. Maua yanatoka vizuri halafu yanadondoka yote, maana usiku nje kwenyewe ni 27 na chumba kinazidi 30, chavua inaharibika. Nimeacha kubishana. Miezi ile napunguza taa, nabakisha mrehani ambao joto haliupi shida sana, na chumba napumzisha na kukisafisha.

Leo asubuhi nimeona plastiki ya ukutani imefura kuja ndani kuliko kawaida na mlango umekuwa mzito tena. Feni iko vile vile, paipu iko vile vile. Itakuwa neti ya dirishani imejaa vumbi, mara ya mwisho kuifua ni kama wiki sita zilizopita. Ngoja nikaichomoe.